Kuuza viatu mtandaoni: jinsi ya kushika wateja, oda na pesa tangu "bei gani?" mpaka mzigo ufike

Fungua simu ya muuzaji anayelalamika kwamba mtandaoni hakuna wanunuzi, utawakuta humo humo. Yupo aliyeuliza saizi juzi akaambiwa "ngoja nicheki stoo", anasubiri mpaka leo. Yupo aliyelipa nusu, na ushahidi pekee wa malipo yake umezikwa katikati ya chati yenye voisi kumi na moja. Yupo aliyetumiwa 38 wakati aliagiza 39, akanyamaza, na hatarudi tena. Wote hao walikuwa na pesa na walishakubali kuitoa.

Mwongozo huu unafuata oda moja ya viatu jijini Dar es Salaam: mzigo umenunuliwa Kariakoo au mtumba wa Karume, tangazo liko Instagram, Jiji (tovuti ya matangazo ya kuuza) na WhatsApp, na mteja anapelekewa kwa bodaboda au kwa basi la mkoani. Anayeuza vitenge, vipodozi au kava za simu atabadilisha saizi na bei tu. Tangu Jumia ifunge shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, wauzaji wadogo wengi wanauza bila mtu wa kati anayeshika pesa mpaka mnunuzi apokee. Kwa hiyo kila upande unamwogopa mwenzake, na kazi kubwa ya muuzaji ni kuiondoa hofu hiyo bila kujiweka yeye mwenyewe hatarini.

Kabla hujaposti

Malalamiko mengi huanzia siku ya kununua mzigo. Kwenye mtumba, adui mkubwa ni soli. Raba iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kung'aa juu huku soli yake imekufa. Soli za povu aina ya PU hunyonya unyevu wa hewa na kumeng'enyuka taratibu hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Mteja anavaa kwenda kazini, saa 6 mchana soli inakatika vipande kama keki kavu, na picha inatua kwenye komenti zako. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha: alama ikibaki bila kurudi, au ukiona unga unga, kiweke pembeni. Halafu kikunje katikati mara tano na utazame pale soli inapokutana na ngozi. Ikifunguka kidogo kipeleke kwa fundi akigundishe na kukishona kwanza. Gharama hiyo iingie kwenye bei.

Kila jozi iliyopita ukaguzi ipewe namba yake. Andika kwenye kikaratasi, mfano V27, kiweke kando ya kiatu wakati wa kupiga picha, na bandika namba hiyo hiyo kwenye mfuko stoo. Bila namba, mteja atakuandikia "ile nyeupe yenye mstari" na wewe una nyeupe zenye mstari sita.

Picha tano zinatosha: ubavu, juu, soli, lebo ya ndani inayoonyesha saizi, na kasoro ikiwapo. Piga karibu na mlango kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Mwanga wa taa ya njano hugeuza nyeupe kuwa maziwa na kijani kuwa nyeusi, na "rangi si ile" ni moja ya sababu za watu kurudisha viatu. Picha ya kasoro usiionee haya. Aliyeonyeshwa mkwaruzo akanunua hawezi kukulalamikia mkwaruzo.

Bei: ijue sakafu yako kabla hujaulizwa "ya mwisho ngapi"

Chukua mfano wa raba uliyoinunua kwa shilingi 18,000. Ongeza sehemu yake ya nauli ya kufuata mzigo, 700. Mfuko na kikaratasi, 500. Bando na matangazo ya kulipia, ukigawa kwa idadi ya jozi unazouza kwa mwezi, 1,000. Weka 800 ya akiba kwa ajili ya zinazorudi na makato ya kutoa pesa. Jumla ni 21,000. Hiyo ndiyo sakafu. Ukiuza 30,000 una faida ya 9,000. Ukipunguza mpaka 28,000 inabaki 7,000. Na wakala anayekuuzia kwa kamisheni unaweza kumwachia kwa 26,000 ukabaki na 5,000.

Amua mapema kwamba punguzo lako ni 2,000 na hutolewa mara moja. Kupatana ni sehemu ya biashara yetu na anayejifanya hapunguzi kabisa hupoteza wateja wazuri. Lakini anayepunguza mara tatu ndani ya chati moja anamfundisha mteja kuomba mara ya nne. Punguzo liambatane na sharti: "Ukilipia leo nakufanyia 28,000."

Na bei iandikwe kwenye posti. Ule mtindo wa "bei njoo inbox" unakuletea maswali arobaini, thelathini na tano yakiwa ya watu ambao 30,000 hawana au hawataki kuitoa. Unajichosha kuwajibu hao, na yule mwenye pesa anakuta umechelewa kumjibu yeye.

Simu ya biashara

Tumia laini tofauti na ya nyumbani, weka WhatsApp Business, na usajili laini kwa jina ambalo mteja ataliona anapolipa. Kabla ya kitu kingine chochote washa uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita. Wezi wa akaunti huanza kwa kukuomba "namba iliyoingia kwako kimakosa". Ukiwapa, wanaingia na kuanza kuwaomba wateja wako pesa kwa jina lako.

Katika katalogi, yaani orodha ya bidhaa ndani ya WhatsApp Business, weka bidhaa zilizopo tu, kila moja na namba yake. Kisha tengeneza majibu ya haraka. Ukiandika alama ya / na neno ulilochagua, ujumbe mzima unajitokeza. Manne yanatosha kuanzia: /saizi yenye maelezo ya kupima mguu, /boda yenye nauli za maeneo, /lipa yenye namba ya malipo ya biashara (Lipa Namba) na jina litakalotokea, na /mkoani yenye utaratibu wa mabasi. Ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe uwe mfupi, na uulize kitu: "Karibu. Tuandikie namba ya kiatu na uko maeneo gani." Salamu ndefu yenye maua na emoji kumi haisomwi na mtu.

Sasa lebo za chati, alama za kupanga wateja ndani ya WhatsApp Business, ambazo wengi hawazigusi. Tengeneza sita na kila chati ya biashara iwe na moja tu:

Ameuliza
Anasubiri kulipa
Amelipa
Mzigo umetoka
Amepokea
Ana shida

Oda ikisogea, badilisha lebo hapo hapo. Ukifungua "Amelipa" saa 8 mchana na ukakuta watu wanne, unajua viatu vinne havijatoka ndani. Mtu akikaa "Anasubiri kulipa" siku mbili, mwandikie mara moja tu, na asipojibu kiachie kiatu.

Lebo haziondoi haja ya daftari. Simu huibiwa, huanguka majini, na akaunti huzuiwa. Daftari la kaunta lenye safu hizi linatosha: namba ya oda, jina na simu, kiatu na saizi, bei, nauli, alicholipa na kumbukumbu namba ya muamala, mzigo umetoka lini na kwa nani, amepokea lini. Namba ya oda iundwe kwa tarehe: 1406-03 ni oda ya tatu ya tarehe 14 mwezi wa 6. Nauli ipewe safu yake peke yake kwa sababu pesa hiyo si yako, ni ya boda. Wengi huihesabu kama mauzo, halafu mwisho wa mwezi wanashangaa faida imekwenda wapi.

Kutoka swali mpaka oda

Swali la kwanza la mteja halibadiliki: "Mambo, hiyo raba bado ipo?" Ukijibu "ipo" umemaliza mazungumzo. Jibu jema linabeba bei, kilichopo na swali la kusogeza mbele:

"Poa dada, karibu. V27 ipo, saizi 39. Ni 30,000. Uko maeneo gani, na mguu wako una urefu wa sentimita ngapi?"

Kwa nini sentimita na si saizi? Kwa sababu saizi zinadanganya. Viatu vingi vya China vina namba ya milimita kwenye lebo: 235 ni 37, 240 ni 38, 245 ni 39, 250 ni 40, 255 ni 41, 260 ni 42. Raba za Nike na Adidas zina hesabu nyingine. 42 yao husomeka sentimita 26.5, yaani nusu sentimita zaidi ya 42 ya China. Mtu anayevaa Nike 42 akiagiza kiatu cha China cha 42, vidole vitagonga mbele. Kwenye lebo za raba hizo tafuta mstari wa CM na uuamini huo kuliko namba ya Ulaya.

Ujumbe wa /saizi uwe hivi: "Weka karatasi sakafuni ikiwa imegusa ukuta. Simama juu yake, kisigino kikiwa ukutani. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, pima kwa rula kutoka ukingo wa karatasi. Pima miguu yote miwili, tutumie iliyo kubwa." Wapime jioni, kwa sababu mguu huvimba mchana kutwa na aliyepima asubuhi hulalamika kiatu kinabana. Asiye na rula aombwe kupiga picha ya lebo ya ndani ya kiatu anachokivaa vizuri. Mwenye mguu mpana mpandishe saizi moja kwenye viatu vyenye ncha. Hapo chati inarefuka kwa dakika tatu na wewe unaokoa safari nzima ya boda.

Akishakubali, funga oda kwa ujumbe mmoja unaojitegemea:

ODA 1406-03
Raba V27 nyeupe, saizi 39: 28,000
Boda mpaka Tegeta: 6,000
Jumla: 34,000
Lipa Namba na jina litakalotokea: (hapa weka vyako)
Tunakushikia mpaka saa 10 jioni.

Sentensi ya mwisho isikose. Kiatu cha jozi moja kikishikwa bila muda, kinakaa siku tatu kwa ajili ya mtu aliyekwishabadili mawazo, na walioko tayari wameambiwa "kimeshikwa". Saa mbili au tatu kwa ambaye hajatoa chochote ni haki. Aliyetoa kianzio mpe mpaka kesho yake.

Muda mfupi kabla ya kupokea pesa, nenda ukakiguse kiatu. Kama kiko kwa mwenye duka Kariakoo na wewe unauza picha, mpigie na umwombe akishike mkononi huku mnaongea. Jozi moja hutangazwa na mawakala wanane kwa wakati mmoja, na kuuza kitu kilichokwisha ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuitwa tapeli. Ikitokea, rudisha pesa yote siku hiyo hiyo pamoja na ya kutolea, kabla hujaanza kumshawishi achague kingine. Na kiatu kikiuzwa, andika IMEUZWA kwenye posti ya Instagram, funga tangazo la Jiji, kitoe kwenye katalogi. Dakika mbili, zote tatu kwa mfuatano, kabla hujafunga mfuko.

Pesa

Lipa Namba ni bora kuliko kutumiwa kwenye namba ya kawaida. Jina la biashara linatokea kabla mteja hajaweka PIN, jambo linalompa moyo, na ule mjadala wa "umetuma na ya kutolea?" unakufa. Mitandao karibu yote inayo, M-Pesa, Mixx by Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo Pesa, Airtel Money na HaloPesa. Mteja wa mtandao tofauti naye anaweza kulipa, ila mwambie achague mtandao sahihi kwenye menyu. Ukilipwa kwenye namba ya kawaida, sema wazi mapema kama ya kutolea inahesabika. Hakuna kinachoharibu uhusiano kama kudai 1,000 baada ya mtu kuamini amemaliza.

Kanuni ya kuthibitisha ni moja: angalia salio, usisome SMS ya mteja. Picha ya skrini hutengenezwa kwa dakika mbili. SMS bandia nayo huja kwenye simu yako ikiwa imeandikwa sawasawa na ya mtandao. Tofauti ni kwamba mara nyingi imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, si kwenye jina la huduma, au salio lililoandikwa humo halilingani na ulilokuwa nalo. Ingia kwenye menyu, M-Pesa ni *150*00# na Mixx ni *150*01#, tazama salio na muamala wa mwisho, kisha andika kumbukumbu namba daftarini. Boda asiwashe pikipiki kabla ya hapo. Matapeli wanapenda saa za haraka, Ijumaa jioni au siku za sikukuu, na huja na boda wao "yuko nje anasubiri".

Kuna na yule anayepiga na kusema amekosea, ametuma 50,000 badala ya 30,000, umrudishie 20,000. Kama pesa imeingia kweli, mwelekeze apige huduma kwa wateja ya mtandao wake muamala urudishwe kule. Ukimtumia kwa mkono wako, anaweza kuomba muamala wote urudishwe na ukapoteza mara mbili. Kama haijaingia, huna la kurudisha.

Lipa kwanza au lipa ukipokea? Tuseme una oda kumi za "nalipa nikiuona mzigo", kila moja na faida ya 9,000, na tatu zinakataliwa mlangoni au simu inazimwa boda akiwa amefika. Boda kwenda na kurudi 10,000 mara tatu ni 30,000. Kati ya faida ya 63,000 ya zile saba, unabaki na 33,000. Kulazimisha wote walipe kwanza nako kunafukuza wageni, na wana haki ya kuogopa, wametapeliwa sana. Njia inayofanya kazi Dar ni ya katikati: nauli ya boda inalipwa kwanza, pesa ya kiatu inalipwa mteja akishakiona na kukijaribu. Asiyekuwa tayari kutoa 6,000 ya nauli hakuwa na nia ya kununua. Kwa mkoani ni malipo yote kabla, hakuna namna nyingine, na pale ndipo picha za mizigo iliyotoka na sifa zako za nyuma zinapokusaidia.

Mzigo

Boda wa kuaminika ni mmoja au wawili unaowajua kwao na kijiweni kwao, si yeyote aliyepita. Kubaliana nauli kwa maeneo, uiandike: Sinza na Mwenge kiasi hiki, Tegeta, Mbagala, Gongo la Mboto kiasi hiki. Kigamboni ina bei yake kwa sababu ya tozo ya daraja au kivuko. Kusubiri kupita dakika 15 kuwe na bei, na mteja ajue. Pesa ya kiatu mteja ailipe kwenye Lipa Namba yako mbele ya boda na wewe umthibitishie kwa simu ndipo aache mzigo. Pesa taslimu mikononi mwa boda ni kishawishi usichotakiwa kumpa mtu mnayefanya kazi naye.

Kwa mkoani mzigo unapita ofisi za mabasi, wengi wakitumia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Fuata mpangilio huu:

1. Funga viatu kwenye mfuko wa nailoni kwanza, ndipo boksi au kiroba. Buti ya basi ina vumbi, maji ya samaki na mafuta.
2. Andika kwa maka pen, pande mbili: jina la mpokeaji, simu yake, mji na stendi anayochukulia, kisha simu yako.
3. Lipia Dar, usiache "atalipia kule". Mpokeaji akiambiwa kule alipe zaidi ya ulivyomwambia, lawama ni yako.
4. Dai risiti yenye namba, na iandikwe kilichomo na thamani yake. Mzigo ulioandikwa "nguo" ukipotea, fidia yake utaililia.
5. Piga picha tatu: mzigo ukiwa na maandishi yake, risiti, na namba ya gari. Zitume kwa mteja pamoja na simu ya ofisi ya basi mjini kwake.
6. Badilisha lebo kuwa "Mzigo umetoka", na uweke kengele kwenye simu ya saa unayotegemea basi lifike.

Mabasi mengi ya mbali, Mwanza, Bukoba, Mbeya, huondoka alfajiri, kwa hiyo mzigo upelekwe jioni ya siku iliyotangulia. Aliyelipa saa 2 usiku asiahidiwe kesho. Mwambie keshokutwa, kikifika mapema atafurahi. Kengele ikilia, mwandikie wewe kabla hajakuuliza. Mzigo uliosahaulika ofisini siku nne huanza kutozwa pesa ya kuhifadhiwa au kusukumwa kona ambayo hakuna anayeikumbuka.

Kikirudi

Sera yako iwe na mistari minne na iwe kwenye /lipa ili kila anayelipa ameiona: kubadilisha saizi ndani ya siku mbili tangu kupokea, kiatu kisiwe kimetembea nje, kosa likiwa letu nauli zote juu yetu, saizi aliyopima mwenyewe ikikosea nauli juu yake. Mistari hiyo itakuokoa kwenye ugomvi, lakini tumia akili. Mteja mwaminifu aliyekosea saizi mara moja, mlipie nauli ya kurudi na usimhesabie.

Akija na hasira kwenye komenti, mjibu mara moja pale pale, kwa upole na kwa kitendo: "Pole dada, oda yako tunaiona, tumekupigia sasa hivi." Halafu mpigie kweli. Usifute komenti, waliokwisha kuiona wataona pia imefutwa. Sikiliza mpaka amalize, omba picha ya tatizo, kisha mpe uchaguzi kati ya viwili: abadilishiwe au arudishiwe pesa. Ukimuuliza "sasa unataka tufanyeje?" unampa kazi ya kufikiri wakati ana hasira.

Anayetoa sifa naye ana haki zake. Kabla ya kuposti chati ya mteja aliyeshukuru, funika namba na jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa hizo, na hata bila sheria, hakuna anayependa wifi yake ajue alinunua viatu vya 60,000.

Jioni, dakika ishirini

Kabla ya kulala linganisha vitu vitatu: salio la simu, daftari, na viatu vilivyobaki. Ulianza na 112,000. Zimeingia oda tatu, 34,000, 30,000 na 60,000, yaani 124,000. Umewalipa boda 11,000. Unatakiwa uwe na 225,000. Simu inasema 220,600. Hiyo 4,400 ni makato, bando ulilonunua kwa laini ya biashara, au boda uliyesahau kumwandika. Leo utaikumbuka. Ukiiacha wiki, hutaikumbuka, na zikijikusanya ndipo mtu anaanza kumshuku msaidizi wake bure. TIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na TRA, haina ada, na daftari hili hili ndilo litakalokusaidia siku ya makadirio ya kodi.

Wateja waliopokea usiwaache wapotee. Wahifadhi kwa jina, saizi na mtaa: "Asha 39 Tegeta". Siku mzigo wa 39 umeingia, andika 39 kwenye sehemu ya kutafuta na wote wanajitokeza. Watie kwenye orodha ya matangazo ya saizi hiyo. Orodha moja inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana boda akikabidhi, tuma: "Hifadhi namba yetu, mzigo mpya tunaweka stetasi kwanza kabla ya Instagram." Usiwamwagie watu wote kila kitu kila siku. Anayevaa 42 akitumiwa viatu vya 37 kila asubuhi atakublock, na wakiripoti wengi WhatsApp huzuia akaunti.

Kila Jumapili hesabu stoo na utoe pembeni jozi zilizokaa zaidi ya siku 30. Mara nyingi ni 36 na 45. Zipige picha upya, zipeleke kwa wanaovaa saizi hizo kwa bei inayokaribia sakafu, na Jumatatu ukienda Kariakoo usiguse saizi hizo mpaka ziishe.